Fanksheni za msaada za KSP: naomba mwongozo, natengeneza ilimba ya Kontakt

Mpiga_Ilimba

Wakuu, habari za jioni. Nipo Dodoma. Natengeneza ala ya Kontakt (programu ya kompyuta inayopiga sauti zilizorekodiwa) kutoka kwenye ilimba, ala ya Wagogo ya vyuma vya kugongwa kwa vidole gumba, ya babu yangu mdogo, ambaye bado anaipiga kila jioni akitoka shambani. Ina vyuma 36. Kila chuma nimekirekodi mapigo manne ya laini na manne ya kali. Halafu nikarudia kazi yote kwa mara ya pili, safari hii tundu la utando wa buibui nimeliziba kwa utepe, ili mtumiaji achague kama anataka ule mlio wa kuvuma au sauti kavu. Makundi ya sampuli ni manane: 0 hadi 3 utando wazi, 4 hadi 7 umezibwa. Laini na kali nimezitenganisha kwenye zoni (mipaka ya noti na nguvu ya kila sampuli).

Sauti zenyewe nazipenda sana. Shida ni skripti, naiandika kwa KSP, lugha ya skripti ya Kontakt yenyewe.

Kwanza, natumia random kuchagua kundi, lakini sampuli ileile inatoka mara mbili au tatu mfululizo. Ukipiga haraka unasikia mashine, sio mzee.

Pili, nguvu ya kupiga. Modyuleta ya nguvu (inayobadilisha ukubwa wa sauti kufuata nguvu ya kubonyeza) nimeshaitoa kwenye makundi, nataka skripti ndiyo iamue. Nimeandika hivi:

```
change_vol($EVENT_ID, $EVENT_VELOCITY / 127 * 12000 - 12000, 1)
```

Matokeo yake noti zote zinatoka kwa sauti moja, ila ukibonyeza kwa nguvu zote ndiyo inaruka ghafla.

Tatu, nataka swichi ya kutuni: upande mmoja ilimba ibaki ilivyo, upande wa pili iende sawa na kinanda ili mtu aweze kupigia na gitaa.

Nne, na hili ndilo linaloniumiza kichwa. Nyuma ya ilimba kuna zeze na ngoma za muheme zinasubiri. Fanksheni za KSP hazipokei kitu wala hazirudishi kitu, kwa hiyo najikuta nakopi mistari ileile kila sehemu. Wenzangu mnaweka nini kwenye faili lenu la fanksheni za msaada? Mwenye orodha naomba aiweke hapa.

---

Bi_Skripti

Karibu sana kaka, na hongera kwa kurekodi utando ukiwa wazi na ukiwa umezibwa. Wengi wanarekodi mara moja, kisha wanahangaika kuuondoa mvumo kwa ikuleza, na chuma kinapoteza uhai.

Sitakupa orodha. Nimeona mafaili ya watu yenye fanksheni mia na zaidi, na ukifungua ala yao unakuta zinazotumika ni tano. Mimi naweka fanksheni kwenye faili la pamoja pale tu inapobeba uamuzi wa sikio, au inaponizuia kuingia kwenye mtego wa hesabu. Matatizo yako matatu ya mwanzo ni ya aina hiyo hasa, kwa hiyo tuanzie hapo.

Nianze na nguvu, ndiyo mtego wenyewe. Kibadilika chenye alama ya $ ni namba kamili. Ukigawa, KSP inatupa kilichobaki baada ya nukta. 100 gawanya kwa 127 ni 0. 126 gawanya kwa 127 ni 0. Ukifika 127 ndiyo unapata 1. Kwa hiyo mstari wako unashusha kila noti kwa 12000, yaani desibeli 12 maana change_vol inahesabu kwa sehemu za elfu moja za desibeli, na ile ya 127 peke yake haiguswi. Hicho ndicho unachokisikia.

Tumia namba za desimali, zile zenye alama ya ~:

```
function uwiano_hadi_db
  if (~uwiano <= 0.001)
    $mdb := -60000
  else
    $mdb := real_to_int(20000.0 * log(~uwiano) / log(10.0))
  end if
end function
```

Kwenye on note, sehemu inayoendeshwa kila noti ikibonyezwa, unaandika:

```
~uwiano := int_to_real($EVENT_VELOCITY) / 127.0
call uwiano_hadi_db
change_vol($EVENT_ID, $mdb, 1)
```

log ya KSP ni ile ya asili, ndiyo maana nagawa kwa log(10.0). Nguvu ya 64 itakupa karibu desibeli 6 chini. Ukiona laini inapotea mno, zidisha $mdb kwa 2 kisha gawa kwa 3, kwa mpangilio huohuo. Ukianza kugawa 2 kwa 3 unarudi kwenye sifuri yako. Ule mstari wa 0.001 usiuondoe. Nguvu ya kinanda haifiki sifuri, lakini siku utakapoitumia fanksheni hii na gurudumu la CC (kidhibiti cha kwenye kinanda cha MIDI), sifuri itakuja, na log ya sifuri haipo.

Sasa kujirudia. Watu wengi wanaandika while inayochagua tena na tena hadi ipate namba tofauti. Inafanya kazi, ila mimi napenda hii, haina mzunguko wowote:

```
function chagua_zamu
  if ($idadi < 2)
    $mpya := 0
  else
    $mpya := random(0, $idadi - 2)
    if ($mpya >= %mwisho[$noti])
      inc($mpya)
    end if
    %mwisho[$noti] := $mpya
  end if
end function
```

Iangalie polepole. Una sampuli nne, namba 0 hadi 3. Tuseme mara ya mwisho chuma hiki kilitoa namba 2. Tunachagua kati ya 0, 1 na 2, yaani namba tatu tu. Ikitoka 0 au 1 inabaki hivyo. Ikitoka 2 inasogezwa kuwa 3. Namba 2 haiwezi kurudi, na zile tatu nyingine zina nafasi sawa. Kumbukumbu iko kwenye %mwisho yenye nafasi 128, kila noti na yake. Hili ni la sikio: ukiweka kumbukumbu moja kwa ala nzima, vyuma viwili vinavyopokezana vitaibiana zamu, na chuma kimoja kinaweza kutoa sampuli ileile kila kikigongwa. Ilimba ni vidole gumba viwili vinavyopokezana muda wote, utalisikia hilo ndani ya dakika moja.

Halafu:

```
on note
  $noti := $EVENT_NOTE
  $idadi := 4
  call chagua_zamu
  disallow_group($ALL_GROUPS)
  allow_group($mpya + $utando * 4)
end on
```

$utando ni swichi yako, 0 wazi na 1 umezibwa. Fanksheni ziandike juu ya on note, KSP inataka ziwe zimeshatajwa kabla hujaziita.

Jambo moja la kushika sana. Vibadilika hivi vyote ni vya ala nzima. Ukiweka wait ndani ya on note, wakati noti ya kwanza inasubiri, noti ya pili inaingia na kubadilisha $noti na $mpya. Ya kwanza ikiamka inakuta thamani za mwenzake. Ukihitaji wait, tangaza kibadilika kwa declare polyphonic, mimina thamani humo mara tu baada ya call, kisha tumia hicho. Kila noti itakuwa na nakala yake.

Kuhusu fanksheni kutopokea kitu: KSP yenyewe ndivyo ilivyo, lakini hulazimiki kuandika kwa KSP tupu. Chukua SublimeKSP, kiongezi cha Sublime Text. Mizizi yake ni KScript Editor ya Nils Liberg. Humo unaandika hivi:

```
function panga(x, a, b, c, d) -> jibu
  jibu := real_to_int(int_to_real(x - a) * int_to_real(d - c) / int_to_real(b - a)) + c
end function
```

Unaihifadhi kwenye zana.ksp, na kwenye kila ala unaweka mstari mmoja juu: import "zana.ksp" as zana. Baada ya hapo unaita zana.panga(...), na majina hayagongani na ya ala yenyewe. Kikusanyaji (kompaila) kinageuza yote kuwa KSP ya kawaida, nawe unaibandika kwenye Kontakt. Ilimba, zeze na muheme wote wanasoma faili moja. Ukirekebisha panga leo, unakusanya upya, wote wamepona.

Na kwa nini panga ina desimali ndani? Kwa sababu nobu nyingi za Kontakt zinasoma 0 hadi 1000000. Ukitaka kuigeuza iwe muda wa 0 hadi 5000, unazidisha milioni moja kwa elfu tano, unapata bilioni tano. Namba kamili ya KSP inaishia 2147483647. Ikipita hapo inageuka kuwa takataka bila kukuonya, na utadhani nobu imeharibika. Hii ndiyo fanksheni ambayo nikiambiwa nibaki na moja tu, nabaki nayo.

Kwa maandishi ya chini ya nobu usihangaike kukokotoa desibeli au milisekunde mwenyewe. get_engine_par_disp inakupa maandishi yaleyale ambayo Kontakt ingeonyesha, yapeleke kwa set_knob_label na umemaliza.

Kutuni nawaachia wenye masikio ya ilimba, ila nitakupa kiunzi. change_tune inahesabu sehemu za elfu moja za senti, na senti ni sehemu ya mia ya nusu toni: 100000 ni nusu toni moja. Pima kila chuma, weka tofauti yake kwenye safu ya nafasi 128, kisha:

```
function tunisha
  if ($kama_kinanda = 1)
    change_tune($EVENT_ID, -%tofauti[$noti], 1)
  end if
end function
```

Usitumie safu ya nafasi 12 na mod 12, yaani kipimo kimoja kwa oktava zote, kama wanavyofanya kwenye piano. Ilimba imetengenezwa na mtu kwa nyundo, chuma cha juu na ndugu yake wa chini hawajakosea kwa kiasi kimoja.

---

StudioUani

Maelezo mazuri dada. Niongeze la upande mwingine. Mkuu, umefikiria nani atakayeifungua ala hii? Kontakt kamili inauzwa. Kontakt Player ni ya bure, lakini maktaba isiyo na leseni ya Player inafunguka kwa majaribio ya dakika 15, kisha inanyamaza. Vijana wa studio za mtaani wanaotaka ilimba kwenye biti zao watakwama hapo.

Decent Sampler ni ya bure, na ala yake ni faili la XML. Huko mambo mawili kati ya yale uliyouliza hayahitaji skripti hata kidogo. Unaweka seqMode="random" na seqPosition kwa kila sampuli, na kama sampuli zimezidi mbili, yenyewe inaepuka kurudia iliyotoka punde. Kutuni unaandika kwenye kila sampuli. Ukitaka faili linalosomwa na programu nyingi zaidi kuna SFZ, nalo ni maandishi matupu: seq_length, seq_position, lorand, hirand.

Fanksheni bora ni ile usiyohitaji kuiandika.

---

Bi_Skripti

Nakubaliana nawe kabisa kuhusu nani ataifungua, na kaka ningekushauri utoe toleo la Decent Sampler hata kama la Kontakt ndilo la kwanza. Sampuli umeshazirekodi, kazi kubwa imekwisha.

Ila zeze na muheme watakudai mengi zaidi. Muheme una mapigo yanayobadilika kutegemea pigo lililotangulia, na huko unahitaji ala inayokumbuka. Kukumbuka ni kazi ya skripti.

---

Chuma_Kumi

Naona kutuni tumeachiwa sisi. Mkuu Mpiga_Ilimba, hebu tuwekee vipimo vyako. Taja chuma kimoja kama ndicho mwanzo na utuambie vingine viko wapi.

---

Mpiga_Ilimba

Asanteni sana wote, na dada umenifungua macho. chagua_zamu imeingia na tofauti imesikika papo hapo. Nilimchezea babu kupitia spika, akauliza ni nani anapiga.

Vipimo vya vyuma vitano vya katikati, nikichukua chuma mama kuwa C: D imepanda senti 4, E imeshuka 14, G imepanda 2, na B bemol imeshuka 31. Hiyo ya 31 ndiyo iliyonifanya nitake swichi. Nilidhani chuma kimelegea, lakini cha oktava ya chini nacho kimeshuka 29.

---

Chuma_Kumi

Hakijalegea, mkuu. Babu yako ana sikio la ajabu, na nitakuonyesha kwa hesabu.

Chukua sauti moja na uihesabie milio yake ya asili, ile inayolia ndani ya uzi wowote au ndani ya koo la binadamu. Chagua wa 8, 9, 10, 12 na 14. Kutoka 8 hadi 9 ni senti 203.9. Kinanda kinasema 200, kwa hiyo umepanda 4. Kutoka 8 hadi 10 ni 386.3, kinanda kinasema 400, umeshuka 14. Hadi 12 ni 702, umepanda 2. Hadi 14 ni 968.8, kinanda kinasema 1000, umeshuka 31. Soma tena vipimo vyako hapo juu. Ni namba zilezile.

Wagogo wanaimba hivyo, ilimba inafuata waimbaji. Ukisikiliza rekodi za marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, utaisikia hiyo B bemol ya chini kwenye sauti yake na kwenye vyuma vyake, vinakaa pamoja bila kugombana. Ukiipandisha senti 31 ifanane na kinanda, utando unaendelea kuvuma lakini vyuma havishikani tena.

Kwa hiyo ombi langu kwako: swichi iwepo, watu wa gitaa wanaihitaji, lakini ala ikifunguka ifungukie kwa kutuni ya babu. $kama_kinanda ianze na 0. Halafu make_persistent juu yake, ili aliyechagua kinanda kwenye wimbo wake aikute hivyo kesho. Na kwenye menyu usiandike "sahihi" na "asili", kana kwamba moja ina kasoro. Andika "Kigogo" na "Kinanda".

Tena ukitaka, weka chaguo la tatu: vile vyuma vyenye tofauti ndogo kama 29 na 31 visogezwe kwenye uwiano kamili wa 7 kwa 4 (ndio ule wa 14 kwa 8), yaani -31174 kwa elfu za senti. Mimi nisingeiweka. Ile tofauti ya senti 2 kati ya oktava ndiyo inayofanya sauti itikisike polepole vyuma viwili vikilia pamoja.

---

Mpiga_Ilimba

Nimesoma hesabu hii mara mbili na nimempelekea babu. Amecheka tu, akasema "sasa kompyuta nayo imeanza kusikia". Menyu itakuwa Kigogo na Kinanda, na Kigogo ndiyo ya kuanzia. Chaguo la tatu siliweki.

Limebaki moja. Kwenye ilimba halisi, ukigonga chuma kinacholia, kidole gumba kinakizima kwanza ndipo kinalia upya. Kwenye Kontakt sauti ya zamani inaendelea chini ya mpya, zikipishana inakuwa matope. Nifanyeje bila kuzima vyuma vya jirani?

---

Bi_Skripti

Hiyo ni fanksheni fupi tu. Unahitaji safu moja zaidi ya kukumbuka namba ya tukio la mwisho kwa kila chuma:

```
function zima_wa_zamani
  if (%tukio[$noti] # 0)
    fade_out(%tukio[$noti], $muda_wa_kuzima, 1)
  end if
  %tukio[$noti] := $EVENT_ID
end function
```

Iite kwenye on note baada ya $noti kupata thamani. Ile 1 ya mwisho inaiambia Kontakt iisimamishe sauti kabisa ikishafifia, isiendelee kula nguvu ya kompyuta ikiwa kimya. Muda ni maikrosekunde, anza na 15000, yaani milisekunde 15. Ukishuka sana utasikia mlio wa "tik" mahali sauti inapokatwa, hasa kwenye vyuma vinene vya chini, kwa sababu wimbi lao ni refu na unalikata katikati. Kwa hao panda hadi 30000. Unaweza kutumia zana.panga hapo: noti ya chini kabisa ipate 30000, ya juu kabisa ipate 10000, zilizobaki zijipange katikati.

Na kwa kuwa umerekodi ukiwa karibu na mikono ya babu, rudi kwenye rekodi usikilize kama kidole kikigusa chuma kinatoa mchakacho mdogo kabla ya kugonga. Kama upo, ukate uwe sampuli zake peke yake, uweke kundi namba 8, na uupige kwa play_note kwa nguvu ndogo pale tu chuma kinapogongwa kikiwa bado kinalia. Noti ya play_note hairudi kwenye on note ya skripti ileile, inaenda kwenye nafasi ya skripti inayofuata, kwa hiyo haitajizungusha. Makundi yake yachague kwa set_event_par_arr na $EVENT_PAR_ALLOW_GROUP, ukitumia namba ya tukio ambayo play_note inakurudishia, maana allow_group inagusa noti iliyobonyezwa na sio hii uliyoizalisha.

zima_wa_zamani iache kwenye faili la ilimba, usiipeleke zana.ksp. Zeze inasuguliwa kwa upinde na inataka sauti ziungane, na ngozi ya muheme ikigongwa juu ya mlio wake haizimiki.